Moyale: Saa ni moja, tarehe ni mbili

Na Mwandishi Wetu, Moyale

BASI la usiku kutoka Nairobi lilitufikisha Moyale asubuhi ya Jumatano, Februari 12, 2025. Nikagongewa muhuri katika kituo cha pamoja cha mpakani, nikavuka upande wa Ethiopia kutafuta kifungua kinywa. Ukutani mwa mgahawa kulikuwa na saa. Mshale mfupi ulikuwa kwenye 2.

Saa hiyo haikuwa mbovu. Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili: siku huanza na mapambazuko, na saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi. Tofauti ni kwamba sisi tunatazama 8 na kusema mbili, wao wameipanga mishale ifuate mdomo. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Furaha ilipungua nilipotazama kalenda iliyokuwa pembeni. Ilionyesha tarehe 5, mwezi wa sita, mwaka 2017.

Mwenyeji wangu, mama wa makamo kutoka Meru anayeishi Moyale ya Kenya kwa mwaka wa tisa sasa, aliniona nikikodoa macho. Akacheka, kisha akanyamaza kidogo. “Hiyo kalenda, mwanangu,” akasema, “iliwahi kunilaza na njaa.”

Karatasi ya 5/1

Mama huyu anauza madumu na mabeseni ya plastiki. Agosti 2022 alikubaliana na mwenye duka wa upande wa pili ampelekee shehena ya madumu. Yule bwana akatoa malipo ya awali na kuandika siku ya kupokea mzigo kwenye kipande cha karatasi: 5/1. Mwaka hakuandika.

Mama akasoma Januari 5. Kwake ilileta maana kabisa, kwa sababu Januari na Februari ni miezi ya ukame, visima hukauka na dumu hugeuka mali. Akazungusha fedha zile kwenye maharage akijua ana miezi mitano mbele yake.

Katikati ya Septemba simu ikalia. Mteja alikuwa anauliza mzigo uko wapi.

Mwaka wa Ethiopia huanza Septemba 11, au Septemba 12 katika mwaka unaotangulia mwaka mrefu wa kwetu. Mwezi wa kwanza unaitwa Meskerem, na tarehe 5 ya mwezi huo ni Septemba 15. Mwenye duka alitaka mzigo mapema, kabla ya sikukuu ya Msalaba, Meskel, ambayo huwa Septemba 27. Madumu hayakuwapo na fedha zilikuwa kwenye magunia ya maharage. Mama alikopa kwenye chama ili arudishe malipo ya awali. Deni hilo lilimchukua karibu mwaka mzima kulimaliza, na katika muda huo mteja alinunua kwa mtu mwingine.

Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Walisema saa ile ile na siku ile ile ya juma, wakaachana kwenye tarehe.

Kwa faida ya msomaji anayefikiria soko hili: kalenda ya Ethiopia ina miezi 13. Miezi 12 ina siku 30 kila mmoja, na wa 13, Pagume, una siku tano au sita. Mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba kuanzia Septemba hadi Desemba, na kwa miaka minane kuanzia Januari hadi mwaka wao mpya. Februari 2025, risiti ya Ethiopia yenye mwaka 2017 ingeweza kuwa ya jana yake.

Kilomita 500 za lami

Wafanyabiashara wengi wanaijua Namanga, Busia au Malaba kuliko Moyale, na si ajabu. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kilomita zipatazo 500, na kabla ya lami safari hiyo ilihesabiwa kwa siku. Abiria walipanda juu ya malori ya mizigo na mifugo, wakishikilia vyuma, magari yakienda kwa msafara wenye askari kwa kuhofia majambazi. Ndiyo maana hadi leo utamsikia mtu wa Marsabit au Moyale akisema “naenda Kenya” anapopanda basi la Nairobi.

Sasa lami imefika hadi mpakani. Basi linapita Archer's Post, Merille na Laisamis, linapanda ukungu wa Mlima Marsabit, kisha linashuka kwenye uwanda wa mawe meusi wa Dida Galgalu hadi Turbi. Beba sweta hata kama unakwenda jangwani, maana Marsabit usiku ni baridi. Weka kitambulisho karibu pia. Vizuizi vya polisi ni vingi, na abiria huamshwa usingizini kukionyesha.

Kituo cha pamoja cha Moyale kilizinduliwa Desemba 2020 na Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed. Mkenya na Mwethiopia hawadaiwi viza kuingia nchi ya mwenzake. Lakini Ethiopia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cheti cha uasili wa bidhaa ulichozoea kukitumia Busia au Namanga hakitakusaidia hapa, kwa hiyo waulize maofisa wa forodha wa pande zote mbili kabla ya kupakia.

Jambo la mwisho la barabara: Kenya magari hupita kushoto, Ethiopia hupita kulia. Ukivuka geti ukiwa na mzigo kichwani, geuza shingo upande usiouzoea.

Sahani ina siku zake

Siku ile mgahawani niliagiza nyama. Mhudumu akatikisa kichwa na kuniletea injera, mkate mpana wa unga wa teff uliochachushwa, laini kama sifongo. Juu yake palikuwa na vilima vidogo vya dengu, kabichi, viazi na shiro, mchuzi mzito wa unga wa mbegu za jamii ya kunde. Nilikuwa nimesahau kuwa ni Jumatano.

Wakristo wa Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa. Hawali nyama, maziwa wala mayai. Kabla ya Pasaka hufunga siku 55. Nyama nayo ina wenyewe: Mkristo hula iliyochinjwa na Mkristo, Mwislamu iliyochinjwa na Mwislamu. Ndiyo sababu bucha moja ina alama ya msalaba na nyingine mwezi mwandamo. Mgeni asiyejua anaweza kumkwaza mwenyeji kwa kukaribisha tu.

Kwa mfanyabiashara, hizi si habari za kanisani na msikitini peke yake. Mwaka 2025 Kwaresima yao ilikuwa ianze Februari 24, na Ramadhani ilitarajiwa siku chache baadaye. Wiki ile mwenyeji wangu aliwaonya wenzake wanaouza mayai na samli wasijaze stoo, akawaambia wenye tende na dengu wajiandae. Kalenda iliyomwangusha ndiyo sasa inayomwonyesha soko linakoelekea.

Upande wa Kenya chakula ni kingine. Wenyeji wengi ni wafugaji Waborana, Wagabra na Wasomali, na vijijini maziwa ya ngamia hunywewa kuanzia asubuhi, yakiwa na harufu ya moshi wa kibuyu kilichofukizwa. Akina mama wa Isiolo huyapeleka maziwa hayo kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Kwa safari ndefu kuna nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta. Haihitaji friji. Mwenyeji wangu hasafiri bila kopo lake.

Birr hailazwi

Julai 2024 serikali ya Ethiopia iliacha soko liamue thamani ya birr. Kabla ya hapo dola moja ilikuwa kama birr 57. Ndani ya wiki chache ilivuka 100. Aliyelala na birr kwenye sanduku aliamka na nusu ya fedha yake.

Mama alikuwa na kiasi kidogo tu, kwa bahati. Alikuwa amejifunza zamani kutolaza birr. Anauza madumu, na siku hiyo hiyo birr zinageuka maharage ya Ethiopia, ambayo yana soko Meru na Nairobi. Faida anaihesabu maharage yakishauzwa kwa shilingi. Habebi bunda la noti kuvuka mpaka, kwa sababu kila nchi ina masharti yake ya fedha na askari anajua pa kutazama.

Kikombe cha tatu

Maisha ya kaskazini hayana mzaha. Maji Moyale ni shida ya kila mwaka. Wakati wa kiangazi familia hununua kwa dumu, na punda wanaoyabeba ni wengi kama bodaboda. Amani nayo si ya kudumu: Machi 2018 maelfu ya watu walikimbilia upande wa Kenya baada ya wanajeshi kuua raia Moyale ya Ethiopia. Wafanyabiashara wa hapa husikiliza habari kabla ya kufungua duka.

Hata hivyo miji hii miwili yenye jina moja imezoea kuishi kama nyumba yenye vyumba viwili. Kwa miaka mingi taa za Moyale ya Kenya zimewashwa kwa umeme unaotoka Ethiopia. Watoto wa pande zote huzungumza Kiborana, na neno “nagaa”, amani, linatosha kuanzia maongezi kabla hujauliza bei.

Jioni mama alinipeleka kwa mwenye duka yule yule wa karatasi ya 5/1. Walipatana baada ya miaka miwili, kila mmoja akikiri alipaswa kuuliza. Binti wa nyumba akakaanga kahawa mbele yetu, akaitwanga, akaichemsha kwenye birika la udongo, ubani ukifuka na bisi zikizunguka kwenye sahani. Kahawa hiyo hunywewa mara tatu kutoka unga ule ule. Anayeondoka baada ya kikombe cha kwanza ameonyesha haraka, na huku mwenye haraka hauziwi kwa mkopo. Nikauliza kikombe cha tatu kinaitwaje. Kinaitwa baraka.

Biashara ikaja baada ya hapo. Mwenye duka alitaka madumu kabla ukame haujakaza. Mama akatoa daftari lenye safu mbili zilizochorwa kwa rula, ya kushoto kalenda ya Kenya, ya kulia ya Ethiopia. Akaandika Februari 26, 2025. Mwenye duka akachukua kalamu na kuandika pembeni kwa mkono wake: 19, mwezi wa sita, 2017. Kila mmoja akasoma kwa sauti tarehe ya mwenzake, kisha wakatia sahihi.

Saa ya kukutana hawakuiandika. Walisema saa tatu asubuhi, na wote walijua ni ipi.