Kigari cha Mteremkoni

Katika vilima vya Mbooni, Makueni, na kwa jirani zao wa Kitui, watoto huunda vigari vya mbao na kuteremka navyo mbio. Usiudharau ufundi wao, ndugu msomaji. Ubao wa mukau, mti wa nchi kavu, hauliwi ovyo na mchwa. Beringi chakavu za gereji hukimbia sana, lakini konani huteleza. Gurudumu la mti lililovishwa mpira wa tairi huenda polepole, ila hushika njia. Ekseli ya mbele hufungwa kwa boliti moja katikati, isiyokazwa mno, ili kamba iigeuze. Breki ni kipande cha tairi chini ya kisigino. Mzazi, hicho ndicho ukikague kwanza. Mteremko huishia barabarani, na dereva wa lori hamwoni mtoto aliyeketi chini.