Robo Tatu ya Kikombe: Hesabu ya Asali Kwenye Keki

Tunasema "asali ya nyuki", kana kwamba ipo asali nyingine. Na kweli ipo. Watu wa pwani waliita asali hata maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito na meusi: asali ya miwa. Kwa hiyo anayedhani kuoka bila sukari nyeupe ni mtindo wa mjini ulioletwa juzi, aisikilize lugha yake kwanza.

Ila asali ina masharti, na mimi niliyajua kwa kuharibu keki. Nilikuwa na chupa ya asali ya Tabora, ile nyeusi ya misitu ya miombo yenye harufu ya moshi kwa mbali. Nikatoa kikombe cha sukari, nikatia kikombe cha asali, sufuria jikoni, makaa chini na makaa juu ya mfuniko kama siku zote. Hazikufika dakika 20, harufu ikageuka. Juu imeungua, katikati mbichi kama uji.

Kosa halikuwa la asali. Sukari ni chembe kavu. Unapoichapa na siagi, chembe zile huikwaruza siagi na kuingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo inayosaidia keki kuumuka. Asali haina chembe za kufanya kazi hiyo, kwa hiyo hewa lazima itafutwe kwenye mayai: yachapwe pamoja na asali mpaka yapauke na kujaa povu. Pili, asali ina maji, kama asilimia 17 hadi 20 ya uzito wake, nayo huongeza umajimaji wa mchanganyiko. Tatu, ina uchachu, ndiyo maana robo kijiko cha chai cha bekingi soda huisaidia. Na sukari zake huiva rangi haraka. Kama una oveni, shusha joto kwa nyuzi 15 hivi. Kama ni makaa, punguza ya juu na uwe na subira.

Kipimo kinachofahamika kwa waokaji ni robo tatu ya kikombe cha asali mahali pa kikombe kizima cha sukari, na kupunguza maziwa au maji vijiko vitatu au vinne vya chakula.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Kikombe cha sukari kina gramu 200. Robo tatu ya kikombe cha asali, kwa kuwa asali ni nzito, inakaribia gramu 255, na kama asilimia 80 ya hizo ni sukari. Piga hesabu: ni gramu 200 na ushee. Keki ile ile, sukari ile ile! Inaniuma kuona keki ya asali ikiuzwa kama chakula cha mwenye kisukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari ya asali na ya shira pamoja na ile tunayoitia kwenye chai. Mgonjwa anastahili kuambiwa ukweli huo kabla hajakatiwa kipande.

Kinachobaki ni ladha, na ladha ya asali ina nguvu, hivyo unaweza kuipunguza. Mimi siku hizi natia nusu kikombe tu kwa unga vikombe viwili, mayai matatu, mafuta nusu kikombe, maziwa robo kikombe, bekingi poda vijiko viwili vya chai, ile soda kidogo, na iliki iliyotwangwa wakati huo huo. Utamu unakuwa wa chini, na iliki inasikika. Asali ikiwa imeganda usiitupe kwa kudhani ni ya bandia. Kuganda ni tabia yake. Iweke chupa kwenye maji ya moto, italegea.

Anayetaka tende naye ana njia ya zamani. Katika ngome za Oman, Nizwa ikiwemo, kuna vyumba vya kuhifadhia tende vyenye mifereji sakafuni: magunia yalipangwa juu ya magunia, uzito ukakamua shira, ikatiririka hadi kwenye chombo. Nyumbani hatuhitaji ngome. Loweka tende kwenye maji ya moto, toa kokwa, saga. Mimi sichuji, kwa sababu nyuzinyuzi zake ni faida na keki inakuwa nzito kwa namna nzuri, hasa ukiinyunyizia ufuta.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe keki ya asali, hata iwe imeiva vipi. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na joto la ndani ya keki haliziui.

Wakubwa nao wasiikimbilie ikiwa moto. Asali hushika unyevu, hivyo keki yake hailiki vizuri siku ya kwanza kama siku ya pili, ukoko ukishalainika na iliki ikishaenea. Yangu huiva Ijumaa usiku, naifunga kwenye kitambaa, na kisu hakiigusi mpaka Jumapili asubuhi, chai ikiwa mezani.