Fahamu: Tovuti ya biashara inahitaji nini zaidi ya sura nzuri?

Mwenye gesti Korogwe, mji unaopitiwa na mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, anaweza kulipia tovuti yenye picha za kupendeza na vyumba vikabaki vitupu. Picha nzito hufunguka kwa kusuasua kwenye simu. Bando likikata, mteja keshahamia kwingine. Anachotafuta ni bei ya chumba, ramani, namba inayopokelewa na kama atalipa kwa M-Pesa. Muuza mahindi wa Handeni naye aweke bei ya gunia ya leo. Ya msimu uliopita? Heri asiweke kabisa. Na ukikusanya majina na namba za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: jisajili kwenye Tume yake.