Polisi Wakikunyima Ripoti ya Ajali

Mkazi wa Chuno aliyegongwa na pikipiki anahitaji ripoti ya polisi ili adai fidia ya bima. Akinyimwa, tunamshauri aombe jibu la maandishi lenye sababu. Neno la kaunta halina tarehe, na muda wa sheria huhesabiwa kwa tarehe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia siku 30 kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha siku 30 nyingine kukata rufaa kwa Waziri. Uamuzi wa Waziri ni wa mwisho. Kulinda upelelezi unaoendelea ni sababu halali ya kukataa. Kwa hiyo aulize kwanza, kwa barua, kama jalada limekwisha kufungwa.