Usimpe Mchumba Ua la Plastiki!

Hivi kijana wa mjini, mara ya mwisho ulimpelekea mchumba ua gani? Kama ni lile la plastiki lililojaa vumbi dukani, leo tuelewane.

Mimi macho yalinifunguka Rukuba, kisiwa cha wavuvi kule Musoma Vijijini. Nilipanda boti kumsalimia shangazi, nikijua nitarudi na dagaa tu. Wapi! Kichakani nyuma ya nyumba nikakuta ua jekundu lenye kingo za njano, limejikunja kwenda juu kama ndimi za moto. Wataalamu wanaliita Gloriosa superba. Kiangazi majani yanakufa, kiazi kinabaki ardhini kusubiri mvua. Ukilipanda mara moja, unalo miaka.

Nikataka kuling'oa. Shangazi akanidaka mkono: "Mwanangu, acha! Hiyo sumu." Kweli bwana. Mmea mzima una sumu ya kolichisini, na kiazi kimo. Kuna waliodhani ni kiazi kikuu, wakala, wakafa. Kwa hiyo weka mbali na watoto na mbuzi, na ukimaliza kazi nawa mikono.

Chukua mbegu, mmea uache. Ngoja tunda likauke na kupasuka lenyewe, mbegu nyekundu zionekane. Mimi mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikachuma tunda bichi. Kopo langu halikutoa hata jani moja!

Mbegu zilizokomaa zimenye ile nyama laini ya nje, ziloweke siku 1, kisha zifukie kidogo kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza. Mwagilia, ila usifanye bwawa. Zinaweza kuchukua miezi 1 hadi 3 kuota, hata zaidi. Ua lenyewe mara nyingi ni mwaka wa 2 au wa 3. Linatambaa, lipe kijiti.

Unaona mbali? Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la zambarau huko kwetu Tanga, akampelekea baba yake mbegu Ujerumani. Leo uzao wake unapamba madirisha Ulaya na Marekani. Sisi wenye ua tunanunua plastiki!

Kopo langu la pili limeshatoa majani manne. Mchumba kila siku anauliza, ua lini? Nimemwambia avumilie. Asiyeweza kungoja ua miaka 2, mimi niliye bila kazi atanisubiri kweli?

Tuonane wiki ijayo.