Gari la hewa: lawezekana, lakini lalipa?

Kila baada ya miezi kadhaa video ile ile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp. Kigari cha mviringo kama yai chajazwa upepo, kisha chaondoka bila moshi wala harufu ya petroli. Chini yake pameandikwa kwamba injini hiyo yatumia hewa peke yake, na kwamba makampuni ya mafuta yameificha. Kwa mwenye tuktuk ambaye hutia petroli asubuhi kabla hajapata abiria wa kwanza, maneno hayo ni matamu. Lakini sasa wapo wanaouliza kama yafaa kutoa amana mapema ili wawekewe gari kama hilo litakapofika Mombasa. Pesa zikishaanza kutajwa, yafaa tulitazame jambo lenyewe kwa makini.

Kwanza, gari lipo. Kigari cha kwenye video aghalabu ni AirPod, kazi ya Guy Nègre, mhandisi wa Kifaransa aliyeanzisha kampuni ya MDI mwaka 1991. Mwaka 2007 kampuni kubwa ya magari ya India, Tata Motors, ilitia saini mkataba naye, na mwaka 2012 ikatangaza kwamba hatua ya kwanza ya majaribio imekamilika. Nègre alifariki mwaka 2016. Hadi leo gari hilo halijauzwa kwa wingi katika nchi yoyote. Mradi ambao Tata waliugusa na kuutangaza hadharani si siri ya mtu, kwa hivyo yale maneno ya kufichwa tuyaweke kando.

Wala wazo lenyewe si geni. Mjini Nantes, Ufaransa, tramu za hewa za Louis Mékarski zilibeba abiria tangu 1879 hadi 1917. Katika migodi ya makaa ya mawe nako, garimoshi ndogo za hewa zilitumika kwa sababu hazitoi cheche, na cheche moja mahali penye gesi yaweza kuua watu wengi. Kwa hivyo swali la kuuliza ni hili: kwa nini kitu kilichofanya kazi zaidi ya miaka mia moja iliyopita kiliachwa?

Hapa ndipo watu wengi hupotezwa na neno "hewa". Hewa si mafuta. Haiungui ndani ya injini hiyo wala haizai nguvu. Yakandamizwa ndani ya mtungi kwa kompresa, kisha ikifunguliwa hutanuka na kusukuma pistoni, kama springi iliyobanwa ikaachiwa. Nguvu zote zinazotoka ni zile zilizoingizwa na kompresa, na kompresa yaendeshwa kwa stima. Anayekwambia gari lajijazia upepo lenyewe likiwa mwendoni, likaenda bila kusimama, anakuuzia ndoto. Ni sawa na kudai kwamba mashua yaweza kwenda Lamu kwa feni iliyofungwa shetri ikipuliza tanga lake.

Sasa tupige hesabu. Tairi la gari dogo hujazwa PSI 30 hivi, yaani baa 2. Breki za upepo za basi, zile zinazopiga "psss" stendi, hutumia kama baa 8. Mtungi wa gari la hewa hujazwa hadi baa 300, zaidi ya PSI 4,300. Chukua mtungi wa lita 300, sawa na madumu 15 ya maji ya lita 20. Ukijaa, hewa iliyomo yakaribia kilo 100, mbali na uzito wa mtungi wenyewe. Kinadharia kabisa, mtungi huo umebeba kama uniti 12 za stima. Injini ikikupa nusu yake imejitahidi, basi una uniti 6 za kusukuma magurudumu. Lita moja ya petroli ina uniti 9 hivi, na injini ya kawaida hugeuza robo tu kuwa mwendo. Hivyo mtungi mzima, mkubwa namna ile, wakupa mwendo wa petroli isiyofika lita 3.

Betri za lithiamu za kisasa zaweza kuweka uniti 12 hizo hizo kwa uzito wa kilo 80 hadi 100, na karibu zote hurudi. Hewa peke yake ishalingana uzito na betri, na bado mtungi hatujauhesabu.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye kujaza. Wapiga mbizi wa Watamu na Diani walijua hili bila kusoma fizikia. Mtungi wa kuzamia ukijazwa haraka huwa moto hata mkono hauvumilii, na ukiwekwa kando ukapoa, kipimo chashuka. Joto lile ni stima uliyolipia, nayo yapotelea hewani. Kwa makadirio, kujaza ule mtungi wa gari kwahitaji uniti 20 au zaidi. Katika hizo, gari la hewa litakurudishia 5 au 6 barabarani. Gari la betri, kwa uniti 20 zile zile, hukupa 15 na kuendelea. Mwaka 2009 watafiti wa Berkeley, Marekani, wakiongozwa na Felix Creutzig, walichapisha utafiti uliofikia hukumu hiyo hiyo: hata ukiipendelea hewa katika kila hesabu, betri yaishinda kwa mbali. Waliongeza kwamba pale ambapo stima yatoka kwenye makaa ya mawe, gari la hewa lachafua kuliko la petroli. Sisi Kenya stima yetu nyingi yatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hivyo lawama hiyo ya moshi haituhusu sana. Bili ya stima ndiyo yatuhusu.

Halafu kuna muda. Kompresa ndogo ya wapiga mbizi hutoa kama lita 100 za hewa kwa dakika. Mtungi wa gari wataka kama lita 90,000. Gawanya mwenyewe: saa 15, stima isipokatika. Kujaza kwa dakika chache, kama wanavyoonyesha kwenye video, kwahitaji kituo chenye mitungi mikubwa iliyokwishajazwa.

Kinyume cha joto la kujaza ni baridi la kutumia. Hewa ikitanuka hupoa sana, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Usipokaushwa vyema kabla ya kukandamizwa, unyevu huo huganda ukawa barafu ndani ya vali na mabomba. Mékarski alijua, ndiyo maana tramu zake zilibeba birika la maji moto la kupasha hewa kabla haijafika kwenye pistoni. Mwaka 2011 Toyota Industries waliunda kigari cha hewa chenye magurudumu matatu, Ku:Rin, kikafika kasi ya kilomita 129 kwa saa. Ajabu kweli, lakini upepo wake ulitosha kama kilomita 3 tu. Kutoka Mombasa hukufika hata nusu ya njia ya Mtwapa.

Tuje kwenye usalama, maana hapa nasikia watu wakisema hewa haiungui, basi haina hatari. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Haimwagiki ikashika moto kama petroli, na hilo ni jema katika ajali. Lakini mtu yeyote aliyeona tairi la lori likipasuka mbele ya fundi wa pancha ajua upepo peke yake waweza kufanya nini, na lile ni baa 8 hivi. Mtungi wa lita 300 kwenye baa 300 ukipasuka ghafla huachia nguvu zinazolingana na kilo 4 za baruti ya TNT, chini ya kiti cha abiria.

Watengenezaji hutumia mitungi ya nyuzi za kaboni, ambayo imeundwa ichanike na kuachia hewa badala ya kurusha vipande vya chuma. Mitungi ya aina hiyo hutumika kwenye magari ya gesi asilia na ya haidrojeni, na ikitunzwa ina rekodi nzuri. Neno zito hapo ni "ikitunzwa". Mitungi ya kuzamia hupimwa kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka kadhaa, na isiyopita hutupwa. Nyuzi za kaboni huharibika kwa kugongwa, na ufa wa ndani hauonekani kwa macho. Chumvi yetu nayo hula vali na viungo vya chuma. Je, tuktuk iliyogongwa ubavuni Kongowea, ikanyooshwa kwa nyundo jioni na kurudi kazini asubuhi, mtungi wake nani ameupima? Mtengenezaji wa Ufaransa hawezi kulijibu hilo kwa niaba yetu.

Sisemi hewa haina nafasi. Peugeot Citroën mwaka 2013 walionyesha gari la petroli lililosaidiwa na gesi ya naitrojeni iliyokandamizwa: ukikanyaga breki, nguvu huhifadhiwa, ukiondoka hutumika. Huko mzunguko ni mfupi na joto halipati muda wa kupotea, kwa hivyo hesabu yake ni afadhali. Hata hivyo walikosa mshirika wa kugawana gharama, mradi ukawekwa kando. Viwandani na karakana, mashine za hewa zitaendelea kuwepo.

Kwa anayeombwa amana, aanze kwa kuuliza gari lenyewe liko wapi alipande, na litajazwa kituo kipi kati ya hapa na Malindi. Aulize uniti ngapi za stima kwa kila kilomita, aandikiwe kwenye mkataba. Aulize pia mtungi una cheti cha nani, umalizike lini, na nani Mombasa ana mashine ya kuupima tena. Kisha apande tuktuk ya stima mojawapo, amuulize dereva bili yake ya wiki, na alinganishe.