Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Huenda fundi amewaambia: "Kompyuta yenu haiwezi kazi hiyo, nunueni nyingine." Kabla hamjatoa fedha za kikundi, tunaomba msome habari hii.

Kompyuta moja yaweza kubeba nyingine ndani yake. Hii ya ndani huwezi kuishika kwa mkono. Ni programu inayojifanya kompyuta nzima, nayo huitwa mashine pepe. Kazi yake nini? Tuseme mna programu ya zamani ya kuweka hesabu za kikundi, nayo inaikataa Windows mpya. Basi mnaiwekea Windows yake ya zamani humo ndani, na hesabu zinaendelea.

Ni kama nyumba yenye wapangaji. Kila mpangaji ana chumba chake, lakini paa ni la mwenye nyumba. Mpangaji akitaka kugusa paa, lazima azuiwe, mwenye nyumba aulizwe. Wa kumzuia ni prosesa, yaani kile kipande kinachotekeleza amri zote za kompyuta.

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Mwaka 2000 wataalamu wawili huko Marekani walionyesha kwamba prosesa ya Pentium ilikuwa na amri 17 zilizoweza kupita kimya kimya bila mwenye nyumba kujua. Kampuni ya VMware ilikwisha kutafuta njia yake mwaka 1999: programu yao ilizibadili amri hizo kabla hazijatekelezwa. Ni akili kubwa hiyo, lakini kazi nzito! Mwaka 2005 Intel, na mwaka 2006 AMD, wakaweka mlinzi ndani ya prosesa yenyewe.

Kumbe kompyuta nyingine ziliuzwa mlinzi huyo akiwa amezimwa. Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Fungua "Performance", kisha "CPU", utafute neno "Virtualization". Likifuatwa na "Disabled", amezimwa.

Mwambieni fundi aizime kompyuta, aiwashe, na aingie kwenye mipangilio ya kabla ya Windows. Kwa Intel awashe "Intel Virtualization Technology", kwa AMD "SVM Mode". Maneno hayo yanakilini kwenye karatasi kama yalivyo. Mengine humo asiyaguse.

Prosesa nyingine za zamani za bei nafuu hazina mlinzi kabisa. Hapo fundi kasema kweli. Tena angalieni kumbukumbu ya kompyuta. Ikiwa ni GB 4 tu, mpangaji naye atachukua sehemu yake, na nyumba nzima itakwenda polepole.